Kuandika Upya Sehemu ya Mwisho ya Tamthilia ya Zamani: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Dallas

Kanda ya video tuliyokodi mtaani, ya Dallas, tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu familia tajiri ya wachimba mafuta wa Texas, ilikatika mahali pabaya kuliko pote. J.R. Ewing alikuwa akizunguka chumbani kwake amelewa, bastola mkononi, na mgeni wa ajabu akimchombeza kutoka ndani ya kioo, kisha skrini ikajaa chenga. Kaka yangu alisema papo hapo kwamba J.R. amempiga risasi mgeni. Dada yetu akasema bastola haikuwa na risasi hata moja, na kwamba mlevi yule angelala hadi asubuhi. Miaka mingi baadaye, nilipoiona sehemu yenyewe bila kukatika, niligundua kwamba watengenezaji hawakuwa wamewaambia watazamaji mengi zaidi ya yale tuliyobuni sisi tukiwa tumeketi mkekani: mlio unasikika, Bobby, mdogo wake J.R., anakimbilia chumbani, anatazama, anamtaja Mungu kwa mshtuko, na tamthilia iliyodumu misimu 14 inaishia hapo.

Sehemu hiyo ilirushwa Marekani tarehe 3 Mei 1991, nami nimeitumia kuwa mfano katika mwongozo huu kwa sababu inafundisha mengi, kwa uzuri wake na kwa makosa yake. Hatua nitakazozieleza zinafaa kwa tamthilia yoyote iliyokwisha zamani, iwe ya kuchekesha au ya kuliza. Zote zinatokana na wazo moja: tamthilia ya miaka mingi hukopa kwa mtazamaji. Kila siri iliyofichwa, kila ahadi iliyotolewa na kila ugomvi ulioachwa ukitokota ni deni, na mwandishi wa mwisho mbadala kazi yake ni kuamua ni deni gani litalipwa, na nani, na kwa sarafu gani.

Hatua ya kwanza: chagua tamthilia unayoijua, kisha uitazame upya kwa kalamu

Usichague tamthilia kwa sababu mwisho wake ulikuudhi tu. Hasira inatosha kuandika ukurasa mmoja, lakini haitoshi kuandika onyesho linalosimama lenyewe. Chagua ile ambayo ungeweza kumsimulia mtu asiyeijua, kuanzia nani ni nani hadi nani anamchukia nani, bila kusitasita.

Dallas ina sehemu 357, na hakuna mtu mwenye kazi na familia atakayezirudia zote. Nilichofanya ni kutazama sehemu tano za mwanzo zilizorushwa Aprili 1978, sehemu za mwisho, na zile ambazo uhusiano wa watu wawili ulibadilika usirudi tena ulivyokuwa. Katika daftari nilichora safu tatu: alichosema mhusika kwamba anakitaka, alichokipata, na kitu cha kushikika kilichokuwa karibu naye wakati huo, kama vile picha, glasi, hati au gari. Safu hiyo ya tatu inaonekana ya kipuuzi wakati wa kuandika, lakini ndiyo niliyoitumia kuliko zote mbili nyingine.

Hatua ya pili: fahamu kwa nini mwisho wa awali ulikuwa vile

Mwisho wa tamthilia hauamuliwi na usanii peke yake. Gilligan's Island ilikatizwa mwaka 1967 watu wake wakiwa bado wamekwama kisiwani, na wakaokolewa kwa filamu ya televisheni mwaka 1978. ALF iliishia mwaka 1990 kwa kiumbe yule wa sayari nyingine kukamatwa na wanajeshi, jambo lililokusudiwa kuwa taharuki ya kuvutia watu kwenye msimu ambao haukuja. Hizo ni tamthilia zilizokufa kabla ya kusema neno la mwisho, na anayeziandikia mwisho anajaza pengo. M*A*S*H, tamthilia ya hospitali ya jeshi la Marekani katika Vita vya Korea, iliyofungwa tarehe 28 Februari 1983 kwa onyesho la saa mbili na nusu, mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 100 wa Marekani, ni jambo tofauti kabisa, kwa kuwa pale kila neno lilipimwa, na anayetaka kuugusa mwisho ule anabishana na watu waliojua walichokuwa wakifanya.

Dallas iko katikati ya aina hizo mbili. Ilijua kwamba inakwisha, lakini ilifika mwisho ikiwa imepungukiwa watu. Jim Davis aliyeigiza baba wa ukoo, Jock, alifariki mwaka 1981. Victoria Principal aliyekuwa Pam, mke wa Bobby, aliondoka mwaka 1987, Linda Gray aliyekuwa Sue Ellen, mke wa J.R., akaondoka mwaka 1989, na Barbara Bel Geddes aliyekuwa Miss Ellie, mke wa Jock, hakuwepo katika msimu wa mwisho. Ndiyo maana waandishi walitumia hila ya kumwonyesha J.R. dunia ambamo hakuwahi kuzaliwa: hila hiyo iliwawezesha kuwarudisha baadhi ya waigizaji wa zamani kwa dakika chache bila kulazimika kueleza walikuwa wapi. Ukishajua hilo huwezi tena kuwacheka kwa urahisi, na unaanza kuona mahali ambapo wewe, usiye na mishahara ya kulipa wala ratiba ya waigizaji, una uhuru ambao wao hawakuwa nao.

Uhuru huo una mtego. Kwa kuwa karatasi hailipi mtu, utashawishika kuwaita wote, wazima na marehemu, waje wapungiane mikono. Jiwekee ukomo. Mimi nilijiruhusu wahusika watano wenye maneno, nikaishia kutumia watatu.

Hatua ya tatu: andika orodha ya madeni

Hapa usiharakishe. Chukua karatasi safi na uandike kila ambacho tamthilia ilikopa, kisha utenganishe madeni makubwa na madogo. Deni kubwa hutambulika kwa kuwa lilikuwepo tangu mwanzo na hata jina la mhusika likitajwa linakumbukwa. Katika The Fugitive, daktari Richard Kimble alisingiziwa kumuua mkewe na akawa anamtafuta mtu mwenye mkono mmoja. Kwa misimu minne hapakuwa na deni jingine la maana, na usiku wa tarehe 29 Agosti 1967 lilipolipwa mamilioni ya Wamarekani walikuwa mbele ya televisheni zao. Tamthilia ya namna hiyo ni rahisi kuifunga na ni ngumu kuifunga kwa namna nyingine.

Dallas ina madeni yanayopandana. Lililo chini ya mengine yote ni lile la koo mbili: Digger Barnes alidai kwamba Jock Ewing, mshirika wake wa zamani, alimdhulumu mafuta na kumchukulia Ellie, mwanamke aliyempenda. Sehemu ya kwanza kabisa inaanza kwa Bobby Ewing kumleta nyumbani Southfork, ranchi ya familia yake, mke wake mpya, Pam, ambaye ni binti wa Digger. Kwa maneno mengine, hadithi yote inaanza kwa mtu wa ukoo wa Barnes kuvuka kizingiti cha Ewing. Juu ya deni hilo kuna ushindani wa J.R. na Cliff Barnes, kaka yake Pam, ambaye kwa miaka 13 alishindwa, akasimama, akashindwa tena. Kuna swali la nani atarithi ranchi, kuna Sue Ellen na aliyotendewa na mumewe, na kuna mtoto wao John Ross aliyevutwa huku na huku kama kamba.

Sasa tazama jinsi mwisho wa mwaka 1991 ulivyoyashughulikia. Ranchi ilikwenda kwa Bobby. Kampuni ya Ewing Oil iliishia mikononi mwa Cliff, yaani deni kubwa kuliko yote lililipwa, lakini lililipwa kandokando, kwa hati na sahihi, huku macho ya mtazamaji yakielekezwa kwa mgeni wa kwenye kioo. Nilipoliona hilo katika daftari langu niliacha kushughulika na swali la iwapo J.R. alijiua. Swali lililonishika ni hili: Cliff alijisikiaje asubuhi ya kwanza alipoketi kwenye kiti kile?

Hatua ya nne: tafuta njia panda, na ubadilishe jambo moja tu

Mwisho mbadala mzuri unaachana na ule wa awali mahali pamoja panapoonyesheka kwa kidole. Kila kitu kilichotokea kabla ya hapo kinabaki kilivyo, hata usichokipenda. Ukianza kurekebisha na mambo ya nyuma, msomaji anayeijua tamthilia atakuwa anahesabu makosa yako badala ya kufuata hadithi.

Njia panda yangu ni jioni ile ile. J.R. yuko peke yake Southfork, amepoteza kampuni, na mwanawe yuko kwa mama yake. Nilichobadilisha ni mgeni. Badala ya kiumbe anayetoka kwenye kioo, anakuja Cliff Barnes kwa gari lake.

Niongeze onyo kuhusu ndoto, kwa sababu kila anayeanza kazi hii huifikiria. Dallas yenyewe ilimuua Bobby mwaka 1985, ikamrudisha mwaka 1986 akiwa anaoga, na kueleza kwamba msimu mzima uliopita ulikuwa ndoto ya Pam. Watazamaji wengi hawakusamehe, kwani ndoto ilifuta machozi waliyoyatoa. Newhart ilimaliza kwa ndoto mwaka 1990 na ikashangiliwa, lakini ile ilikuwa tamthilia ya kuchekesha, na mzaha wenyewe ulikuwa kwamba Bob Newhart anaamka kitandani kando ya mke wake wa tamthilia nyingine aliyoigiza miaka ya 1970. Ndoto pale haikufuta deni lolote. Kama huna mzaha wa uzito huo, iache ndoto.

Hatua ya tano: amua sarafu ya malipo

Deni linaweza kulipwa kwa haki, kwa kuagana, kwa hasara, au kwa mhusika kupewa alichokiomba kikiwa kimegeuka ladha. Namna hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko nyingine. Katika M*A*S*H, askari Klinger alivaa magauni ya kike miaka nenda miaka rudi akitaka aonekane mwendawazimu arudishwe Marekani. Vita vilipokwisha na kila mtu akafungasha, yeye ndiye aliyebaki Korea, amsaidie mke wake kuwatafuta ndugu zake. Hakuna aliyemlazimisha. Mtazamaji anacheka na koo linamkaba kwa wakati mmoja.

Malipo kwa haki ni magumu zaidi kuliko yanavyoonekana. Seinfeld ilijaribu mwaka 1998: marafiki wanne waliocheka shida za watu kwa misimu tisa walipelekwa mahakamani kwa kosa la kumtazama mtu akiporwa bila kumsaidia, mashahidi wakaitwa kutoka sehemu za zamani, nao wakafungwa mwaka mmoja. Wengi walichukia. Kwa maoni yangu hukumu ilikuwa ya haki, lakini wahusika wale hawakuwahi kutudai haki. Sisi ndio tuliokuwa tukicheka pamoja nao. Kabla ya kumpeleka mhusika kizimbani, jiulize kama kuna aliyewahi kuifungua kesi hiyo.

Kwa Cliff na J.R. niliamua hivi: Cliff amepata kila alichokitaka, na hawezi kukikalia.

Hatua ya sita: panga maonyesho

Sehemu ya saa moja ya televisheni ya Marekani ya miaka ile, ukitoa matangazo ya biashara, ilikuwa na dakika zisizofika 50. Hesabu ya mkono ni kwamba ukurasa mmoja wa mswada ni dakika moja, kwa hiyo kurasa 45 hadi 48 zinatosha, na hadithi fupi ya kurasa kumi inatosha zaidi kama hujazoea. Kumbuka pia kwamba matangazo yaliigawa hadithi katika vipande, na kila kipande kilifungwa kwa jambo la kumzuia mtazamaji asiondoke. Ukiacha mikato hiyo, maandishi yako yatakuwa na kila kitu cha Dallas isipokuwa mapigo yake.

Maonyesho yangu yalikuwa manane tu. La kwanza ni ofisi ya Ewing Oil asubuhi, Cliff akijaribu kiti. La pili ni chumba cha chakula cha Southfork, meza ndefu iliyozoea kujaa watu wanaogombana, na juu yake sahani moja. Mengine yalijengwa kutoka kwenye hayo mawili.

Hatua ya saba: sikiliza sauti kabla ya kuandika mazungumzo

Kuwaandikia Watexas mazungumzo ya Kiswahili kunahitaji sikio. J.R. hatukani, anatabasamu na kukata. Bahati nzuri lugha yetu ina kejeli ya kutosha, na mtu anaweza kumwita adui yake rafiki kwa namna inayochoma kuliko tusi. Lakini usimfanye mtu wa Dallas aamkie shikamoo, wala usimpe methali za pwani. Anamwita baba yake baba, hata akiwa mtu mzima mwenye mvi, na heshima hiyo ya kitoto ni mlango mzuri wa kuingilia moyoni mwake.

Safu ya tatu ya daftari ilinipa picha. Picha kubwa ya Jock ilitundikwa ukutani tangu alipofariki, naye akaendelea kuitawala familia kwa macho. Hili hapa ni onyesho la saba, kama nilivyoliacha baada ya kuliandika mara nne.

Usiku. Nje ya Southfork. Taa za gari zinazimika. J.R. anatoka na glasi mkononi. Cliff amefungua mlango wa nyuma wa gari na anahangaika na kitu kikubwa kilichofungwa blanketi.

CLIFF: Shika upande huu. Ni nzito.

J.R.: (haondoki mlangoni) Tangu utotoni unaimba kwamba baba yangu aliwaibia. Leo umeamua kuiba wewe?

CLIFF: Ni yeye. Nimemrudisha.

Blanketi linateleza. Uso wa Jock unaonekana kwa mwanga wa barazani.

CLIFF: Kila nikiinua macho kwenye karatasi, ananitazama.

J.R.: Si ungemtupa.

CLIFF: Nilijaribu. Nikambeba mpaka kwenye mapipa ya taka nyuma ya jengo. (kimya) Mlinzi akavua kofia.

J.R.: Mlinzi ana adabu kukushinda, Barnes.

CLIFF: Shika, J.R. Mgongo unaniuma.

J.R. anaitazama glasi yake, anaiweka chini kwenye ngazi, na anashika fremu upande wa pili.

Katika rasimu ya kwanza Cliff alisema kwamba amegundua ushindi hauna maana bila mtu wa kumshinda. Niliufuta mstari ule bila huruma. Mhusika akieleza maana ya onyesho, msomaji hana tena la kufanya. Katika rasimu ya pili J.R. aliomba radhi, nalo likafutwa, kwa sababu J.R. Ewing hakuwahi kuomba radhi ya kweli bure. Kuiweka glasi chini kunatosha, hasa kwa mtu ambaye tumemwona akiishika kwa misimu 14.

Hatua ya nane: tafuta picha na sauti ya mwisho

Watu husahau maneno ya mwisho wa tamthilia na kukumbuka walichokiona. Msimu wa mwisho wa Blackadder, uliorushwa Uingereza mwaka 1989, unamalizika kwa askari wa kuchekesha kutoka handakini kuingia kwenye risasi za Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha uwanja unafifia na kuwa shamba la maua mekundu. Picha zilizopigwa siku ile hazikuridhisha, na ni wahariri waliopunguza mwendo wake na kuuingiza uwanja wa maua. Funzo kwa mwandishi ni kwamba picha ya mwisho inaweza kupatikana baadaye, mezani, ukiwa na rasimu mbovu mbele yako.

Njia mbili zimenifaa mara kwa mara. Ya kwanza ni kurudi kwenye picha ya kwanza kabisa ya tamthilia na kuigeuza. Ya pili ni kubaki na umbo la mwisho wa awali na kubadilisha kilichomo. Nilizitumia zote mbili. Tamthilia ilianza kwa gari likimleta Pam Barnes kwenye nyumba ile akiwa bibi-arusi asiyetakiwa. Yangu inaisha kwa kaka yake kuingia mlango huo huo akiwa amebeba picha ya mtu aliyemchukia maisha yake yote. Na kwa kuwa mwisho wa awali ulikuwa mlio unaosikika bila kuona kilichopigwa, nami nilibaki nje ya nyumba. Dirisha lina mwanga. Kinasikika kishindo. Kisha cha pili, na cha tatu. Ni nyundo na msumari.

Hatua ya tisa: mpe mtu anayeijua tamthilia kuliko wewe

Kabla ya kumpa, andika juu ya ukurasa wa kwanza kwamba wahusika ni mali ya wenyewe na kwamba hii ni kazi ya mpenzi wa tamthilia, wala usiiuze. Kisha usimwambie msomaji chochote. Usiulize kama ameipenda. Muulize ni mahali gani alisimama kusoma, na anataka kujua nini ambacho hakikuandikwa.

Mimi nilimpa kaka yangu, yule aliyekuwa ameshamuua mgeni wa kwenye kioo miaka mingi iliyopita. Alisoma kimya jikoni, chai ikipoa. Hakusema neno juu ya picha wala nyundo, ambazo nilijivunia sana. Aliniuliza swali moja: “Umeweka meza ndefu yenye sahani moja mwanzoni, halafu Barnes amefika usiku kutoka mjini. Amekula au hajala?”

Lilikuwa deni, tena langu mwenyewe, wala sikuwa nimeliandika popote katika orodha yangu. Nilirudi kwenye ukurasa wa mwisho. Nyundo inanyamaza, mwanga wa dirisha unahamia chumba cha pili, na kabla ya giza inasikika sahani ikiwekwa mezani.